Chai, kahawa na saratani ya koo la chakula: iache ipoe kwanza

"Shikamoo daktari. Naishi Arusha, kwetu ni Marangu. Mwaka jana tulimzika baba mdogo kwa saratani ya koo la chakula, akiwa na miaka 54. Tangu hapo kwenye kundi la ukoo zinazunguka meseji kwamba chai na kahawa zina sumu ya saratani. Shangazi zangu wameacha vyote viwili, sasa wanakunywa maji ya moto yenye limau. Nyumbani kwetu chai ya maziwa ni asubuhi, saa nne, jioni na usiku. Baba yangu ana miaka 63. Chai isipotoa mvuke anairudisha jikoni, anasema hayo ni maji ya kuogeshea mtoto. Zamani alivuta sigara, na mbege, pombe yetu ya ndizi, anakunywa siku za soko na kwenye sherehe. Siku hizi nyama na ugali lazima ashushie na maji, anasema ni uzee. Mimi nakunywa kahawa vikombe vitatu kazini na nina kiungulia cha mara kwa mara. Je, tuache chai na kahawa? Na saratani hii ni ya ukoo?"

Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa msiba wa baba mdogo. Maswali yako yote nitayajibu, lakini naomba nianze na sentensi uliyoiandika kama jambo la kupita tu: kwamba baba anashushia nyama na ugali kwa maji. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu leo badala ya kusubiri wiki ijayo.

Uzee haumfanyi mtu akwamwe na ugali. Umio, yaani hilo koo la chakula, mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa takriban sentimita 25, na kuta zake ni misuli inayotanuka vizuri sana. Kwa kuwa unatanuka hivyo, uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kuhisi chochote. Mtu anapoanza kukwama, nafasi ya kupita chakula huwa imeshapungua sana. Mwanzo ni nyama, ugali na ndizi ngumu, halafu wali, halafu uji, na mwishoni hata maji na mate. Wanaume wa rika la baba wana namna ya kuzoea: anakata vipande vidogo, anaongeza mchuzi, anakula taratibu, anashushia na maji, na nyumba nzima inaona amebadilisha tu mazoea ya kula. Nimekaa na familia nyingi ambazo zilikumbuka baadaye kwamba dalili ilikuwepo mezani miezi mingi.

Sijasema baba ana saratani. Kovu la asidi iliyopanda kutoka tumboni kwa miaka mingi huweza kubana umio. Ipo pia hali ya misuli ya chini ya umio kugoma kulegea, na yapo maambukizi ya fangasi. Yote hayo yana tiba. Ila huwezi kuyatenganisha kwa kumwangalia mtu usoni wala kwa kumpa vidonge vya asidi uone kama vitasaidia. Kinachotenganisha ni kipimo cha kamera: mrija mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa mdomoni, na daktari akiona mahali pana shaka anachukua kinyama kidogo kwenda maabara. Mtu wa miaka 63 anayekwamwa na chakula anatakiwa afanyiwe kipimo hicho ndani ya siku chache au wiki mbili, hata kama anajisikia vizuri kabisa. Nyinyi mko karibu na hospitali ya KCMC pale Moshi. Msimzungushe kwanza kwenye maduka ya dawa wala kwa mtu wa kumtoa mfupa aliodhani umemkwama. Na kama amepungua uzito, anatapika chakula ambacho hakijasagwa, sauti imekwaruza, anakohoa kila akinywa maji au anatapika damu, msisubiri hata hizo wiki mbili.

Nikishasema hilo, twende kwenye chai.

Meseji za kundi la ukoo zina chembe ya ukweli iliyoshikwa upande usio wake. Mwezi Mei 2016, wanasayansi 23 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye makao ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. Walipitia tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu kahawa, chai ya majani ya Amerika Kusini yanayoitwa "mate" na vinywaji vya moto sana. Wakahitimisha kwamba kunywa kinywaji chochote chenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za sentigredi yaelekea husababisha saratani ya umio. Angalia neno "chochote". Hawakutaja majani ya chai wala buni wala tangawizi. Chai ya "mate" yenyewe, ambayo zamani ilishukiwa, waliona ushahidi hautoshi kuituhumu pale inaponywewa bila kuwa ya moto sana.

Kwa hiyo shangazi zako, kwa nia njema kabisa, wameacha kisicho na kosa na kushika chenye kosa. Maji ya moto yenye limau yakinywewa yanatoa mvuke yanaunguza umio sawasawa na chai. Limau halipunguzi joto. Waambie warudi kwenye chai yao wakipenda, au wabaki na limau wakipenda, ila kikombe kipoe.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka mkoa wa Golestan, kaskazini mashariki mwa Iran, karibu na Bahari ya Kaspi. Saratani hii iko juu sana kule, ingawa watu wengi hawavuti sigara wala hawanywi pombe, na chai ya rangi wanakunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba waliokunywa chai ya moto walikuwa na hatari mara mbili ukilinganisha na waliokunywa ya vuguvugu, na waliokunywa ya moto sana, mara nane. Waliokunywa ndani ya dakika mbili baada ya kumiminiwa walikuwa na hatari mara tano ya waliosubiri dakika nne au zaidi. Baadaye watu 50,045 wa mkoa huohuo walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi, na safari hii joto la chai yao lilipimwa kwa kipimajoto badala ya kuulizwa tu. Waliopenda chai ya nyuzi 60 au zaidi, na kunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa.

Hapa nisimame kidogo, maana takwimu za "mara nane" zikitumwa peke yake zinatia hofu kuliko inavyostahili. Kati ya hao watu 50,045, waliopata saratani ya umio katika miaka yote hiyo walikuwa 317. Ni kama watu sita katika kila elfu, na hapo ni katika moja ya sehemu zenye saratani hii nyingi kuliko karibu kote duniani. Wengi wanaokunywa chai ya moto hawatapata ugonjwa huu. Vilevile, IARC inapopanga vitu kwenye makundi, inapima uthabiti wa ushahidi. Ukubwa wa hatari haumo kwenye mpangilio huo. Vinywaji vya moto sana vimewekwa kundi moja na nyama nyekundu. Sigara iko kundi la juu yake, na madhara yake hayakaribiani kabisa na ya chai.

Sasa tuje nyumbani. Eneo letu, kuanzia Ethiopia kupitia Bonde la Ufa la Kenya, Tanzania, Malawi hadi kusini mwa Afrika, wataalamu wanaliita ukanda wa saratani ya umio. Wenzetu wa Bomet kule Kenya wanaijua vizuri. Hospitali ya Tenwek imeiona miaka mingi, na huwakuta hata watu wenye umri wa chini ya miaka 40. Utafiti uliofanyika Eldoret ulikuta hatari inapanda kadiri mtu anavyopenda kinywaji chake kiwe cha moto zaidi. Na kwenu Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifanya jambo rahisi lenye maana kubwa: waliwapa watu chai, wakapima joto pale walipopiga funda la kwanza. Kwa wastani lilikuwa zaidi ya nyuzi 70. Soma tena namba ya Lyon, nyuzi 65, halafu hii.

Utafiti huo wa Kilimanjaro ulionyesha pia jambo ambalo akina mama wengi hawaliamini nikiwaambia. Chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko chai ya rangi, kwa sababu chai ya rangi ilipoa kwa kasi karibu mara mbili. Watu hudhani maziwa hupoza. Uingereza hupoza kweli, kwa kuwa kule humimina maziwa ya baridi ndani ya kikombe. Sisi tunachemsha maziwa, maji, majani na sukari ndani ya sufuria moja, halafu tunaitia kwenye chupa ya chai iliyotengenezwa mahususi isipoteze joto. Maziwa yetu yenye mafuta yanailinda chai isipoe. Baba akiona mvuke umeisha juu ya kikombe, hiyo chai bado inaweza kuwa ya moto kuliko anavyodhani.

Joto hilo linafanyaje kazi? Mdomo una hisia kali ya moto, lakini nao huzoea, ndiyo maana mtu aliyekunywa chai kali ya moto miaka 40 haoni shida. Umio hisia zake za joto ni hafifu. Utando wake wa ndani una tabaka za seli zinazoungua kidogo kila siku, zikajikarabati usiku, zikaungua tena asubuhi. Seli zinazojikarabati bila kupumzika hugawanyika mara nyingi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kwenye vinasaba. Halafu utando uliochubuka huruhusu vitu vingine vipenye ndani kirahisi: kemikali za moshi wa sigara, pombe na mazao yake. Hapo ndipo moto na pombe vinaposhikana mikono. Utafiti wa China wa mwaka 2018, uliofuatilia watu zaidi ya 450,000, ulikuta kwamba chai ya moto sana ikiungana na pombe ya kila siku hatari inafika mara tano, lakini kwa wasiovuta wala kunywa pombe kwa wingi hatari ya chai peke yake haikuonekana. Golestan inasema joto peke yake linatosha, China inasema linahitaji mwenzake. Mimi naamini zote zinaelekeza mahali pamoja: joto linafungua mlango, na mengine yanayopita hapo yanatofautiana nchi na nchi.

Kwa baba, mwenzake ni sigara ya zamani na mbege. Sigara aliyoiacha inaendelea kumpunguzia hatari kila mwaka unaopita, na mpongezeni kwa hilo. Mbege sitamwambia aisuse kwenye harusi ya mwanawe, ila vinywaji vikali vya kienyeji aviache kabisa. Kuna mengine ambayo watafiti wa ukanda wetu wanayahusisha: moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, meno yaliyooza au kung'olewa mengi, na mlo usio na matunda na mboga. Jiko la mama yako linatoa wapi moshi wake? Swali hilo lina uzito sawa na la chai.

Kuhusu ukoo: ndiyo, ndugu wa karibu wa mgonjwa wana hatari iliyoongezeka kiasi. Lakini ndugu wamenyonya moshi wa jiko moja, wamekula chungu kimoja na kujifunza kunywa chai kwa mtu mmoja. Kwa familia nyingi hakuna kinasaba kimoja cha kunyooshea kidole, na wala hakuna laana. Hupaswi kupimwa kamera wewe na watoto wako kwa sababu tu ya baba mdogo. Anayepaswa ni mwenye dalili.

Kahawa, sasa. Historia yake inasaidia kuelewa meseji zinazokutisha. Mwaka 1991 IARC iliiweka kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Baadaye ikaonekana wanywaji wa kahawa wa tafiti zile za zamani walikuwa pia wavutaji sigara, na sigara husababisha saratani ya kibofu. Fikiria baraza la kahawa la jioni, dele juu ya mkaa na sigara zikizunguka: ukihesabu wagonjwa bila kuuliza nani anavuta, kahawa itabeba lawama ya mwenzake. Kikao cha 2016 kiliiondoa kahawa kwenye orodha hiyo. Kikaongeza kwamba wanywaji wa kahawa huugua kwa uchache zaidi saratani ya ini na ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Siku hizi nikiulizwa na mwenye ugonjwa wa ini kama aache kahawa, simkatazi.

Meseji nyingine hutaja "kemikali ya kuchoma", yaani akrilamaidi, inayotokea buni inapokaangwa. Ipo kweli. Ipo pia kwenye chipsi na kwenye ganda la mkate uliochomwa sana. Panya waliopewa kiasi kikubwa walipata saratani, lakini tafiti za watu wanaokula na kunywa kawaida hazijaonyesha hatari inayoeleweka. Mwaka 2018 jaji mmoja wa Los Angeles aliamuru kahawa iuzwe na onyo la saratani, na habari ile ikazunguka dunia nzima. Mwaka uliofuata jimbo la California lenyewe liliiondoa kahawa kwenye sharti hilo, na habari hiyo haikuzunguka.

Vikombe vyako vitatu, basi, viendelee, kwa masharti ya kawaida: ukiwa mjamzito usizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, ambayo ni kama vikombe viwili vidogo. Kiungulia ni habari tofauti. Kahawa huweza kukichochea, hasa kwa tumbo tupu, basi jaribu wiki mbili kunywa baada ya kula, punguza kimoja, na usilale kabla ya masaa matatu kupita tangu chakula cha jioni. Kikiendelea zaidi ya mara mbili kwa wiki, kamwone daktari. Asidi inayopanda miaka mingi inahusiana na aina nyingine ya saratani, ya sehemu ya chini ya umio, ambayo kwetu ni chache kuliko ile ya baba mdogo.

Nikwambie kinachonisumbua zaidi kwenye chai ya nyumbani kwenu, baada ya joto: sukari. Mara nne kwa siku, mkitia vijiko vitatu vya chai kila kikombe, ni gramu 50 hivi kabla hujala kitu kingine kitamu. Hicho ndicho kikomo chote cha siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na nusu yake ndiyo wanayoitamani. Unene uliopitiliza unahusishwa na aina 13 za saratani. Punguzeni nusu kijiko kila wiki, ulimi utafuata.

Kupoza chai hakuhitaji kipimajoto. Bibi yangu alimimina chai kwenye kisosi, akapuliza, akanywa kutoka kwenye kisosi. Tuliokwenda shule tulimwona mshamba, kumbe ile sahani pana ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutoa joto. Kumimina kutoka kikombe hadi kikombe nako kunafaa. La sivyo, mimina na uache wazi kwa dakika tano, na chai ya maziwa iliyotoka kwenye chupa hadi kumi, bila kufunika. Kipimo changu ni hiki: kama lazima uivute kwa sauti pamoja na hewa ili usiungue, bado. Kama unaweza kuishikilia mdomoni na kuhesabu hadi tatu bila kujikaza, kunywa. Na funda liwe dogo. Vipimo vilivyofanywa ndani ya umio vimeonyesha kwamba ukubwa wa funda hupandisha joto la ndani hata kuliko joto la kikombe, maana tone dogo hupoa njiani na funda kubwa hufika na moto wake wote. Anayemeza kikombe kwa mafunda manne akiwahi daladala ananitia wasiwasi kuliko mzee anayeonja taratibu barazani.

Baba hatakubali chai ya vuguvugu kwa kuambiwa na binti yake kwamba ina saratani. Msimtishe. Chai yake mmimine wewe au mama dakika kumi kabla hajaitwa mezani, kwenye kikombe kipana, na tangawizi izidi kidogo. Ukali wa tangawizi huwaridhisha wengi wanaotafuta ukali wa moto.

Lakini hilo ni la wiki zijazo. La wiki hii ni kipimo. Mkifika mapokezi msiseme "ana vidonda vya tumbo" wala "koo linauma", mtapelekwa foleni nyingine. Semeni hivi: "Ana miaka 63, chakula kigumu kinamkwama, na mdogo wake alifariki kwa saratani ya umio." Taja tarehe alipoanza kushushia na maji, hata kwa kukadiria kwa mavuno au sikukuu, na uzito wake wa sasa na wa mwaka jana kama mnaukumbuka. Waambie dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Ulizeni gharama na bima mapema, msishtukizwe siku yenyewe. Usiku wa kuamkia kipimo ale mapema, chakula laini, na kuanzia hapo asile kitu hadi amalize. Asubuhi hiyo hata chai ya rangi asinywe. Ibebeni kwenye chupa, atainywa baadaye, koo likishatoka ganzi na daktari akimruhusu, na kufikia hapo muwe mmeshaimimina na kuiacha wazi.